Fasihi ya baada ya ukoloni isisomwe kwa sikio moja

Majuzi mwenzangu anayefundisha katika idara ya Kiingereza aliniomba nimshikie kipindi kimoja. Somo lake lilikuwa fasihi na filamu za baada ya ukoloni. Mimi ni mtu wa isimu, na wenye fasihi hutuona kuwa watu wa kuhesabu viambishi. Hata hivyo nilikubali, nikaenda darasani na filamu ya La Noire de..., aliyoitoa Ousmane Sembène wa Senegali mwaka 1966.

Kisa chenyewe ni kifupi. Diouana, msichana wa Dakar, aenda Ufaransa kwa waajiri wake Wazungu akidhani kwamba kazi yake itakuwa kulea watoto. Huko ajikuta mpishi, mfuaji na mpiga deki, amefungwa ndani ya nyumba asiyoweza hata kuuona mji kutoka humo. Mwishowe ajitoa uhai.

Nilipowauliza wanafunzi waliloliona, walinijibu kwa ufasaha: ukoloni mamboleo, ubaguzi wa rangi, unyonge wa mwanamke. Majibu yote yalikuwa sahihi, na yote yalikuwa ya vitabuni. Ndipo nilipouliza: Je, Diouana awaza kwa lugha gani? Darasa zima likanyamaza.

Mbele ya waajiri wake Diouana husema maneno machache mno. Lakini mawazo yake, tunayoyasikia sisi watazamaji, yatiririka kwa Kifaransa fasaha. Tena sauti hiyo si ya mwigizaji tunayemwona, bali ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Ni nani aliyempa msichana huyu Kifaransa hicho hata ndani ya kichwa chake? Hilo si swali dogo la isimu. Ni swali la ukoloni wenyewe.

Sembène mwenyewe alilijua tatizo hilo. Alikuwa mwandishi wa riwaya za Kifaransa kabla ya kushika kamera, akatambua kuwa wengi wa Wasenegali aliowaandikia hawakuweza kuzisoma. Mwaka 1968 alitoa filamu ya Mandabi, ambamo Ibrahima Dieng, mzee asiyejua kusoma, aletewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake afagiaye barabara za Paris. Posta wamdai kitambulisho. Kitambulisho chadai cheti cha kuzaliwa na picha. Mzee azungushwa kutoka ofisi hii hadi ile, na mwisho fedha zamezwa na jamaa yake msomi.

Katika filamu hiyo Kiwolofu ndicho lugha ya nyumbani na mtaani, na Kifaransa ndicho lugha ya ofisi na karatasi. Mwenye kuzijua zote mbili ndiye amwibiaye asiyejua ila moja. Sasa hebu tumfikirie mwanafunzi wetu afuataye maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha. Humo Kiwolofu kimekuwa Kiingereza, na Kifaransa nacho kimekuwa Kiingereza. Mpaka uliomwangamiza mzee Dieng umefutwa. Mwanafunzi atakipata kisa, lakini chanzo cha kisa kitampita.

Msomaji ataniuliza, yatuhusu nini ya Dakar? Yatuhusu sana. Mwaka huo huo wa 1968, tarehe 24 Oktoba, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walitaka Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ipewe hadhi yake, na lugha zaidi ya moja zisomwe, Kiswahili kikiwamo. Idara ya Kiingereza ilitoweka, ikaja Idara ya Fasihi. Waandishi wa Afrika wakaingia madarasani. Lakini lugha ya kuwasomea ilibaki ile ile, na Kiswahili kikaendelea kukaa chumba cha jirani.

Matokeo yake twayaona hadi leo. Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigikuyu, ikachapishwa mwaka 1980. Ipo pia kwa Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani. Lakini wanafunzi wengi wa Kiingereza huisoma katika tafsiri ya Kiingereza peke yake, hata wale ambao Kigikuyu ni lugha ya mama zao, kana kwamba haikupata kuandikwa kwa lugha nyingine.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, mwanafunzi mmoja wa uzamili alileta pendekezo la kulinganisha Mandabi na riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979. Alitaka kuonyesha jinsi msomi anavyosimama kati ya serikali na mwanakijiji, na jinsi lugha inavyomsaidia kusimama hapo. Lilikuwa pendekezo zuri kupita yote niliyoyasoma mwaka huo. Idara ya Kiingereza ilimwambia kwamba riwaya ya Kiswahili si kazi yake. Alipokwenda Idara ya Kiswahili, aliambiwa kuwa filamu ya Kiwolofu si kazi yao. Mimi nilikuwa mmoja wa wanajopo. Nilijua kwamba wamekosea, nikanyamaza, kwa kuwa mkutano ulikuwa umechukua muda mrefu na sikutaka kugombana na wakubwa wangu. Binti yule alichagua riwaya mbili za Kiingereza, akapita vizuri. Utafiti aliotaka kuufanya haujafanywa na mtu mwingine, kwa kadiri nijuavyo.

Wako watakaosema kwamba naipiga vita lugha ya Kiingereza. La, hasha. Kwa Kiingereza tumewasoma Waafrika wenzetu ambao tusingewafikia kwa njia nyingine, na Chinua Achebe alitetea kwa hoja nzito haki ya Mwafrika kukifinyanga Kiingereza kikidhi haja yake. Wako pia watakaosema kuwa mwanafunzi wa Kiingereza alilipia karo ili asome Kiingereza. Hoja hiyo ingesimama kama kozi ingeitwa fasihi ya Kiingereza. Lakini tukiiita ya baada ya ukoloni, tumekwisha kuahidi zaidi ya hapo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyeandika mashairi yake akiwa kifungoni baada ya uhuru, zina haki gani pungufu ya kuitwa hivyo?

Nionavyo mimi, tiba haihitaji fedha nyingi. Kila kozi ya aina hii iwe na angalau kazi moja isomwayo katika lugha ya Kiafrika iliyoandikiwa. Filamu itazamwe mara ya kwanza kwa masikio, maandishi ya chini yakifunikwa hata kwa karatasi, ili mwanafunzi asikie lugha zinapobadilika na amtambue anayezibadilisha. Na idara mbili zikubali kumsimamia mwanafunzi mmoja.

Kipindi kilipokwisha siku ile, kijana mmoja alinifuata mlangoni. Aliniambia kwamba bibi yake hupelekwa hospitalini na mjukuu wa kumkalimania, na kwamba hakupata kufikiri kuwa jambo hilo lina uhusiano wowote na masomo yake. Nilimshauri aanzie hapo. Akija na pendekezo lake mbele ya jopo, safari hii sitanyamaza.