Kambove: Kuku aliyedonolewa na wenzake anaweza kupona

Katika mji wa madini wa Kambove, karibu na Likasi, familia inayofuga kuku katika lupango inaweza kumpoteza kuku wa mayai kwa siku moja. Wenzake wanamng'oa manyoya, damu inatoka, na kundi lote linarudi kudonoa palepale penye wekundu.

Atengwe mara moja. Kidonda kioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Asirudishwe kabla kidonda hakijafunga. Na arudishwe usiku, wengine wakiwa wamelala.

Chanzo mara nyingi ni msongamano na ukosefu wa protini. Mahindi yana protini karibu 9 kwa mia, wakati kuku wa mayai anahitaji karibu 16. Ndagala zilizosagwa, soya iliyokaangwa au mchwa huziba pengo hilo.