MGENI HUKARIBISHWA TANGU MLANGONI

Wahenga walinena, "Hujafa hujaumbika." Askari aliyetoka nyumbani na miguu miwili aweza kurejea na mmoja, mama aweza kuanguka shambani, na uzee hudhoofisha magoti ya kila aishiye. Kwa hiyo haki ya mlemavu kuingia mahali pa kulia si jambo la watu wachache, bali ni letu sote.

Wagiriki wana sifa ya ukarimu. Wanalo neno philoxenia, maana yake upendo kwa mgeni. Vyakula vyao havina makuu: saladi ya nyanya, matango, vitunguu na zeituni pamoja na jibini iitwayo feta, mishikaki waiitayo souvlaki, na moussaka, yaani mabiringanya yaliyopangwa pamoja na nyama ya kusaga, yakafunikwa kwa mchuzi mzito wa maziwa, kisha yakaokwa. Feta halisi hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, pengine yakichanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30.

Hivi karibuni mwandishi alikula katika mkahawa mmoja wa Kigiriki jijini Kampala pamoja na sajini mstaafu atumiaye kiti cha magurudumu, na mkewe. Moussaka ililetwa ikiwa moto juu na baridi katikati, mabiringanya yametota mafuta. Jibini nayo haikuwa na uchachu wala chumvi ya feta. Hayo yangesameheka. Lakini mlangoni palikuwa na ngazi tatu, na watumishi wawili walimbeba mzee wetu na kiti chake kama gunia, wateja wakitazama. Magoti yake hayakuingia chini ya meza, akala amekaa upande. Alipopewa maji aliyakataa. Mkewe alieleza kwa sauti ya chini kwamba mlango wa choo ni mwembamba, na kwamba mumewe amezoea kushinda na kiu kila atokapo nyumbani.

Je, ni haki mtu aliyelitumikia taifa achague kati ya kiu na aibu?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 35, yawapa wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kulindiwa utu wao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 nayo yakataza kuwabagua.

Vipimo vyenyewe si siri. Kwa kanuni zifuatwazo Marekani, kila sentimita 1 ya kupanda yahitaji sentimita 12 za mteremko. Basi ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zahitaji mteremko wa meta 5.4. Uwazi wa mlango usipungue sentimita 81. Nafasi ya magoti chini ya meza isipungue sentimita 69 kwenda juu. Na chooni pawe na duara la meta 1.5 hivi la kugeuzia kiti.

Ndugu msomaji, kabla ya kumpeleka mzazi au mwenzi wako mkahawani, pima upana wa kiti chake, kisha uulize: Ngazi ni ngapi? Choo kinaingilika? Ukijibiwa, "Tutambeba," nenda kwingine, nawe umweleze mwenye mkahawa sababu. Usikishike kiti cha mtu kabla ya kumwuliza. Nasi tulio karibu na kambi tuyakague mabwalo yetu wenyewe, kwani huko ndiko askari aliyejeruhiwa arudipo kula na wenzake.