Kilimanjaro kwa Futi Kamba

Mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Hapo ndipo mtafiti wa misitu anapozungusha futi kamba kwenye shina la mti, awe Ulaya au kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Anasoma mzingo kwa sauti, msaidizi wake anaandika kwenye daftari, kibati chenye namba kinaguswa kuhakikisha bado kimeshika, kisha wanahamia mti wa jirani. Miaka ikipita anarudi mtu, pengine si yule yule, anakitafuta kibati kile kile na kuzungusha futi pale pale. Tofauti kati ya vipimo viwili huwa sentimita chache, na mara nyingine haipo kabisa. Ukiitazama kazi hii kwa nusu saa utapiga miayo.

Habari za Kilimanjaro zinazouza magazeti ni za aina nyingine. Barafu inakwisha! Na ni kweli, inakwisha. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji mlimani mwaka 1848, wasomi wa London walimcheka. Theluji karibu na ikweta itoke wapi? Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alirudi mlimani mwaka 1898 na kushangaa jinsi barafu ilivyopungua kwa muda mfupi. Ramani iliyotokana na safari ya Wajerumani wengine mwaka 1912 ilionyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alipanda na timu yake wakatoboa barafu ya kilele cha Kibo mpaka kwenye mwamba. Wakatoa nguzo sita, nyembamba kama mabomba, na tabaka za chini kabisa zikakadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700. Nguzo hizo ziliteremshwa, zikasafirishwa, na kuwekwa kwenye ghala la baridi kali mjini Columbus. Huenda siku moja mtu anayetaka kuiona barafu ya Kilimanjaro akalazimika kukata tiketi ya kwenda Ohio.

Mwaka 2002 timu hiyo ilitangaza kwamba kasi ile ikiendelea, barafu itakuwa imekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Tarehe hiyo ilishikwa na dunia nzima. Ikaingia kwenye hotuba, mabango na matangazo ya safari za kitalii. Mwaka 2020 ukafika, ukapita. Barafu ikabaki, imechanika vipande, imekonda, lakini ipo. Wenye kutaka kudhihaki sayansi ya tabianchi wakapata la kusema.

Wangetulia wakasikiliza kilichokuwa kikiandikwa kule juu. Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, karibu mita 5,800 kutoka usawa wa bahari. Ni mlingoti wenye vyombo vya kupima jua, upepo, unyevu, joto na kina cha theluji, vinavyotumia umeme wa sola na kutuma taarifa kwa setilaiti. Theluji ikivifunika, au barafu iliyo chini yake ikishuka, sharti mtu apande akavirekebishe.

Vyombo hivyo vikaanza kusimulia jambo ambalo kipimajoto cha bondeni kisingelijua. Hewa ya kileleni kwa kawaida hukaa chini ya nyuzi sifuri. Sehemu kubwa ya barafu hiyo haiyeyuki ikawa vijito. Hugeuka mvuke moja kwa moja, kama kidonge cha nafthalini kinavyopungua kabatini bila kulowesha nguo. Kinachoiua zaidi ni jua kali na uhaba wa theluji mpya. Theluji changa ni nyeupe, hulirudisha jua lilikotoka. Barafu kuukuu yenye vumbi hulinywa. Msimu mmoja wa theluji nzuri huipa barafu nafuu, msimu wa ukame huila. Kwa hiyo kupungua kwake hakufuati mstari ulionyooka. Joto la dunia nalo halijafutiwa kesi: unyevu unaofika mlimani hutegemea sana hali ya Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inazidi kupata joto.

Lakini kwa mkulima wa Kibosho au Machame, chini mlimani, swali si la barafu. Anauliza juu ya maji ya mfereji unaolisha migomba na kahawa kihambani. Kwa miaka mingi ameambiwa barafu ikiisha, mito itakauka. Jibu la swali hilo halikutoka kileleni. Lilitoka kwa watu wa futi kamba.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alianza kuorodhesha uoto wa Kilimanjaro mwaka 1989 na hajauacha mlima huo tangu hapo. Yeye na wenzake wamepima na kuandika mimea ya viwanja vidogo zaidi ya elfu moja, kutoka mbugani hadi kwenye mawe matupu, na wamehesabu takriban aina 2,500. Hesabu ya maji inayotajwa katika maandishi yake ndiyo ingestahili kuandikwa kwenye mabango: takriban asilimia 96 ya maji yanayotiririka mlimani hutoka kwenye ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno.

Sehemu ya juu ya ukanda huo ni misitu ya erika, miti yenye majani membamba kama sindano, ndevu za kijivu zikining'inia matawini. Ukungu ukipita, ndevu na majani huukamata. Simama chini yake asubuhi bila mvua yoyote na bado utalowa. Na misitu hiyo imekuwa ikiteketea. Kwa kulinganisha ramani na picha za setilaiti za tangu mwaka 1976, Hemp alionyesha kwamba moto umekula maelfu ya hekta za erika na kuusukuma chini mpaka wa juu wa msitu. Hali ya hewa ikizidi kuwa kavu, moto wa warina asali au wa kambi husambaa kuliko zamani. Oktoba 2020 moto uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 ndani ya hifadhi. Kamera za dunia, zilizozoea kuelekezwa kileleni, safari hii zilipiga picha moshi.

Kati ya mwaka 2010 na 2018 viwanja vingine zaidi ya 60 vilichunguzwa katika mradi mkubwa wa vyuo vikuu vya Ujerumani ukishirikiana na wataalamu wa Tanzania, kambi ikiwa katika kijiji cha Nkweseko. Vilianzia kwenye mashamba ya mahindi, chini ya mita 900, vikafika zaidi ya mita 4,500. Nyuki walihesabiwa kwa mabakuli ya rangi yenye maji, wakidhani ni maua. Mende wa mavi waliwekewa chambo wanachokipenda, na aliyepangiwa zamu ya kukitayarisha hakuonewa wivu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kilimo kikubwa hudhuru viumbe zaidi kule chini penye ukame kuliko kwenye miinuko yenye mvua.

Tatizo la kazi ya namna hii ni kalenda. Fedha za utafiti hutolewa kwa miaka mitatu mitatu, na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu akishamaliza huondoka na kompyuta yake. Tembo hubeba mimba karibu miaka miwili. Mradi mmoja hautoshi kumwona akizaa mara mbili. Kwa miti ndiyo kabisa. Mwaka 2016 timu ya Hemp ilitangaza kwamba, kwenye bonde lenye makorongo mlimani humo, ilikuwa imepima kwa vifaa vya leza mti wa Entandrophragma excelsum, ndugu wa mkangazi na mwarobaini. Ulikuwa na mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili ya Afrika uliowahi kupimwa barani. Hemp alikuwa ameiona miti hiyo mirefu miaka 20 kabla, lakini vifaa vya kuipima kwa uhakika vilikuwa bado. Umri wake unakadiriwa kufika miaka 500 au 600, na wakati Rebmann anachekwa London, tayari ulikuwa mzee.