Mbwa anakuletea chafya? Si lazima umfukuze

Goma na Bukavu wengi wanasema ni manyoya ya mbwa ndiyo yanaleta chafya na macho kuwasha. Hapana. Shida iko katika mate, mkojo na vipande vidogo vya ngozi yake. Manyoya yanavibeba tu. Kumnyoa hakusaidii sana.

Mbwa asilale chumbani, hata watoto wakilia. Aogeshwe mara mbili kwa juma, na mtu asiye na alerji. Nyumba ipanguswe na kitambaa chenye maji, juu ufagio mkavu unarusha vumbi, na Goma vumbi iko nyingi tayari. Ukikosa pumzi ao kifua kikipiga filimbi, inaweza kuwa asma: kimbia kituo cha afya. Na mwenye kumtoa mbwa leo asishangae, chafya inaweza kuendelea miezi.