Je, wajua? Peptidi huihimiza ngozi ijijenge upya

Mtazame mkulima wa pamba wa Nkololo, wilayani Bariadi, aliyevuka miaka 60. Uso na shingo vimekunjamana, lakini ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kwapa, bado ni laini. Umri ni mmoja. Kilichotofautisha sehemu hizo ni jua la Simiyu, lililompiga tangu palizi hadi uchumaji.

Uimara wa ngozi unatokana na kolajeni, protini ileile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Miale ya jua husababisha seli zitoe vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi zake. Baadhi ya vipande vinavyobaki ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, na vipande hivyo huziarifu seli kwamba nyuzi zimeharibika, zisuke nyingine. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu kuliko yote: ubomoaji wenyewe ndio unaoita mafundi.

Mwaka 1973 Loren Pickart, mwanasayansi wa Marekani, alieleza peptidi ya asidi amino 3 tu aliyoipata katika damu ya binadamu. Hushikamana na madini ya shaba, na baadaye ikaonekana kwamba huchochea utengenezaji wa kolajeni. Leo imo katika krimu nyingi. Nyingine, ya asidi amino 5, imenakiliwa kutoka kwenye kolajeni yenyewe, kisha ikaunganishwa na asidi ya mafuta inayopatikana pia katika mawese, maana bila mafuta hupenya ngozi kwa shida.

Zinasaidia? Ndiyo, kwa kiasi. Majaribio ya miezi michache yameonyesha makunyanzi madogo yakipungua, ingawa mengi yalihusisha watu wachache. Tena seli haziwezi kusuka kolajeni imara bila vitamini C, ambayo ubuyu unayo tele.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kung'arisha ngozi, ni adui wa kazi hii yote. Viambato vyake kama zebaki na haidrokwinoni, vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania, hupunguza melanini, kinga yetu ya asili dhidi ya jua. Wenye ualbino wanajua gharama ya kuikosa. Ndiyo maana Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao.

Ukinunua krimu ya peptidi, soma lebo na utafute alama ya TBS. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunua kofia pana.