Kabla Umwage Maziwa ya Mtoi, Soma Hii Kwanza

Sistangu alirudi job mtoi akiwa na miezi mitatu, venye likizo ya uzazi inaisha kwa wengi hapa Kenya. Usiku wa kuamkia Jumatatu alikamua maziwa na mkono karibu saa nzima, akaweka kwa kikombe chenye kifuniko, akatupa ndani ya friji na kumwachia mathe mtoto. Kurudi jioni, kikombe kimeoshwa. Mathe alikuwa amemwaga yote kwa sinki.

"Yalikuwa yameharibika, mwanangu. Juu mafuta, chini maji maji ya bluu. Singempea mtoto hiyo."

Siz alikaa kwa kiti na handibegi bado iko begani, akalia.

Sasa mimi ni anko tu. Sijawahi kamua kitu isipokuwa ng'ombe wa guka, na hata huyo alinipiga teke. Lakini wiki iliyofuata nilimsindikiza kliniki, na nesi akacheka kidogo kabla atueleze: maziwa ya mama yakikaa hujitenga. Mafuta hupanda juu, hiyo ya chini hubaki nyepesi, saa zingine na rangi ya bluu. Hayajaharibika. Unazungusha chombo polepole yachanganyike, basi. Maziwa fiti ya mtoto yalikuwa yameenda na maji machafu juu hakuna mtu alitushow hii maneno mapema.

Kitu ya kushika ni masaa. Maziwa freshi yanaweza kukaa kwa meza masaa manne, bora joto la nyumba lisipite digrii 25. Nairobi siku za baridi hauna stress. Lakini ukiwa Mombasa, Kisumu, ama kwa keja ya mabati saa nane mchana, usihesabu hayo manne, tumia haraka. Kwa friji, siku nne. Kwa friza, miezi sita ndiyo poa zaidi. Kama hauna friji, kuna kile kikapu cha kushika baridi watu hubebea soda wakienda pikiniki. Ukiweka na pakiti za barafu iliyoganda, maziwa yatakaa mpaka masaa 24.

Na tafadhali usiweke kwa thamosi ya chai ati yakae moto. Joto la aina hiyo ndilo viini hupenda.

Hizo namba ni za mtoi mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati. Kama wako alizaliwa kabla ya miezi kutimia ama ni mgonjwa, hosi watakupea zao, fuata hizo.

Kukamua kwenyewe, osha mikono na sabuni kwanza. Chombo kiwe cha glasi ama plastiki ngumu, kinafunga vizuri, kimeoshwa na kuchemshwa. Chupa ya soda ya jana, apana. Weka kidogo kidogo, mililita 60 hadi 120, juu ukijaza chombo kikubwa na mtoi anywe robo, utalia kama siz. Bandika karatasi yenye tarehe na saa. Kwa friji weka ndani kabisa nyuma, si kwa mlango, kwa sababu mlango unafunguliwa kila mtu akitafuta maji baridi. Kwa friza acha nafasi juu, maziwa yakiganda hupanuka.

Kupasha moto ndiyo wengi huchoma. Usiweke kwa sufuria juu ya gesi, na maikrowevu sahau kabisa: inapasha sehemu moja inawaka na ingine iko baridi, halafu mtoi anaungua mdomo. Chukua bakuli ya maji moto, simamisha chombo ndani, ngoja. Dondosha kidogo kwa kiganja ujaribu. Yaliyoganda yahamishe kwa friji usiku, na yakishayeyuka yote yatumike ndani ya masaa 24. Usiyagandishe tena. Ukishayapasha, una masaa mawili. Na yale mtoi ameachia, pia masaa mawili tangu amalize, halafu hayo ndiyo unamwaga bila kulia.

Stima zikipotea, ama tokeni iishe Jumapili usiku na M-Pesa haina kitu (tunajuana), wacha mlango wa friji ufungwe. Itashika baridi kama masaa manne. Friza iliyojaa inaweza kuenda hadi siku mbili, ikiwa nusu, siku moja. Stima zikirudi upate maziwa bado yana vipande vya barafu, hayo yanaweza kugandishwa tena.

Kitu ingine siz hakuwa anajua: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha mama kunyonyesha ama kukamua, chenye mahali pa kunawa mikono na friji ama njia ingine ya kuweka baridi. Choo haihesabiki. Pia inakupea mapumziko ya hiyo kazi, jumla isipite saa moja kwa kila masaa manane ya job, na hiyo haikatwi kwa lunch yako. Alipouliza ofisini aliangaliwa kama ameomba gari. Siku hizi anakamua kwa stoo moja wamemfungulia, na maziwa yanapanda mathree jioni kwa kikapu na barafu.

Nyumbani tuliandika masaa yote kwa karatasi, tukabandika kwa mlango wa friji, kwa sababu haina haja mama ajue kama mwenye anabaki na mtoi hajui. Mathe ameishika kuliko sisi wote. Juzi nilifungua friji nitoe maji, nikaulizwa kama nimenawa mikono na mbona nimeacha mlango wazi.