Picha Kwenye Meza ya Chakula

Mama mwenzangu, je, umewahi kuambiwa, au kujiambia mwenyewe, kwamba mwanamke akishazaa, kazi ya akili anawaachia wengine? Basi soma habari za Dk. Janet Rowley wa Marekani, mama wa watoto wanne wa kiume.

Janet alizaliwa New York mwaka 1925. Alipoomba kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikuta nafasi za wanawake zimekwisha. Katika darasa la wanafunzi 65, wanawake walioruhusiwa walikuwa 3 tu. Ilimbidi angoje miezi tisa. Alihitimu mwaka 1948, na kesho yake akaolewa na Donald Rowley, ambaye naye alikuwa mtu wa tiba.

Watoto walipozaliwa, Janet hakuacha kazi, wala hakuwaacha watoto. Alifanya kazi siku chache tu kwa juma, mwanzoni katika kliniki ya watoto wenye ulemavu wa akili, mpaka kitinda mimba wake alipotimiza miaka 12. Wengi wangesema mwanamke wa namna hiyo hawezi kufika mbali.

Kipande kilichopotea

Mwaka 1961 alimfuata mumewe Uingereza kwa likizo ya masomo, na huko Oxford akajifunza kuchunguza kromosomu. Hizi ni kama nyuzi ndogo sana ndani ya chembe za mwili, zinazobeba urithi wetu. Kila mtu kwa kawaida ana 46. Aliporudi Chicago aliomba darubini, nafasi ya kuketi na mshahara mdogo, akapewa.

Wakati huo ilikwisha kujulikana, tangu mwaka 1960, kwamba wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu wana kromosomu moja, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa ya 22, iliyo fupi kuliko kawaida. Watu walidhani kipande chake kimepotea tu.

Mwaka 1972 Dk. Rowley alichukua picha za kromosomu mpaka nyumbani. Alizikata kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula, huku wanawe wakimtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Lakini mama aliona jambo. Kromosomu ya 9 ilikuwa imerefuka, karibu kwa kadiri ileile ambayo ile ya 22 ilikuwa imefupika. Kipande hakikupotea, kilikuwa kimehama!

Maandishi yaliyozaa dawa

Makala yake ilitoka mwaka 1973 katika jarida la Nature. Alikuwa na umri wa miaka 48. Mwanzoni wengi hawakushawishika, kwani waliamini mabadiliko hayo ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake. Hakugombana nao, aliendelea kutazama na kuandika. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitangaza kuhama kwingine, kati ya kromosomu ya 15 na ya 17, katika saratani nyingine ya damu.

Wanasayansi hupimana kwa jinsi wengine wanavyorejea kazi zao wanapoandika. Dk. Rowley aliandika makala zaidi ya 500, na ile ya mwaka 1973 imerejewa maelfu ya mara. Lakini hesabu hiyo ina maana gani kwa mgonjwa? Kila aliyeirejea alijenga juu yake. Wengine waligundua kwamba vipande vilivyohama huungana na kutoa amri ya kuzalisha chembe nyeupe bila kikomo. Wengine wakatengeneza dawa ya kuizuia amri hiyo, imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ugonjwa ambao zamani uliua wengi baada ya miaka michache, leo wengi huishi nao wakimeza vidonge kila siku. Wagonjwa wa Kenya na Tanzania nao wamepata dawa hiyo bila malipo kupitia mpango wa kimataifa wa msaada.

Dk. Rowley alipewa nishani ya juu ya raia wa Marekani mwaka 2009, akafariki Chicago mwaka 2013.

Nasi je?

Saratani za damu ni za aina nyingi, na si zote hutibiwa kwa dawa hiyo. Ila zote zinahitaji kupimwa mapema. Ukiona mtoto ana homa zisizoisha, amepauka, anatoka damu puani au kwenye fizi, ana michubuko bila kuumia, au analalamika mifupa inamuuma, usiseme ni malaria tu kila mara. Mpeleke hospitali, uombe apimwe damu.

Na binti yako akitandaza madaftari mezani wakati wa kuandaa chakula, usiwe mwepesi wa kumfukuza. Msogezee sahani pembeni. Huenda anatafuta kipande ambacho wengine wote wanadhani kimepotea.